Tumbawe la Ardis Chini ya Taa za Bluu

Kijiwe chenyewe ni benchi la kanisa, lile refu la kuegemea, ambalo Kapteni alilinunua mnadani akalibwaga mbele ya duka lake la samaki wa kufuga, katikati ya duka la dobi lenye mashine za kujifulia na duka la donati. Mji mzima wa Akron hakuna mahali pabaya pa kukaa kama hapo. Magari yanakurushia tope la theluji lililochanganyika na chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, upepo unakuingia mpaka kwenye mbavu, na kahawa ya Kapteni inatolewa bure kwa sababu hakuna mwenye akili timamu angeilipia. Lakini ikifika Jumamosi, wafugaji wa matumbawe wa mji huu huwang'oi pale hata kwa trekta. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa karibu na bahari. Bahari zao ziko sebuleni, ndani ya vioo, wamezichanganya wenyewe kwa ndoo na mifuko ya chumvi, na wakikutana wanabishana mpaka kahawa inapoa mikononi.

Siku hiyo Vern Hruska alifika mapema, na akakataa kukaa. Huyu ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, mtu mzima mwenye mabega, lakini hapo kijiweni wanamwita Vern Bluu. Jina hilo alilipata siku dirisha lake lilipowaka bluu usiku mzima, jirani akapiga simu polisi akidhani mwenzake analima bangi ndani. Polisi wawili wakaja na tochi zao, wakakuta samaki. Walikaa saa nzima kwenye kochi la Vern wakishangaa, na mmoja wao mpaka leo ni mwanachama wa chama cha wafugaji hawa.

— Kaa chini basi, unatuzibia jua, — Kapteni alimwambia. Kapteni ni Gino Sbraccia, mwenye duka, na cheo hicho alijipa mwenyewe. Hajawahi kupanda chombo chochote kinachoelea.

— Niko sawa.

— Hauko sawa. Umeshazunguka lile pipa la taka mara ngapi sijui.

Vern akalizunguka tena. Alikuwa amekuja na swali, na alitaka kuliuliza kabla Ardis Templeton hajafika. Bahati mbaya Ardis alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa ameketi kwenye kona ya benchi, blanketi magotini, kikombe mkononi, akimtazama Vern kwa yale macho yake ya miaka mingi ya kuendesha basi la shule, macho ya kioo cha juu ya usukani, yanayojua nani huko nyuma amemtupia mwenzake chingamu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ardis ndiye wanayemwita Mama Mbegu, maana nusu ya matumbawe ya mji huu yametoka kwenye tangi lake. Chama chao kina desturi, na desturi hiyo haina mzaha: ukipewa bure kidole cha tumbawe, yaani kipande cha tawi lake, unakikuza, nawe unawagawia wengine bure, na aliyekupa akipoteza lake, akija mlangoni kwako unamkatia kidole bila kuuliza. Januari barafu iliangusha nyaya za umeme, nyumba ya Ardis ikapoa kama kaburi, na maji yake yakapoa nayo. Kila kitu kikafa. Lile tumbawe lake la pembe, lenye matawi kama pembe za paa, la kijani, alilokuwa nalo tangu bintiye wa mwisho yuko shule ya msingi, likafa pia. Wachache walikuwa wamegawiwa tumbawe hilo, lakini mmoja aliliua, mwingine alihama nalo Arizona, na Kapteni, Mungu amsamehe, aliliuza. Lililobaki ni moja tu, sebuleni kwa Vern. Na kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, Ardis angekuja kuchukua kidole chake.

Lakini Vern alikuwa na siri. Krismasi alijinunulia taa mpya, LED za kisasa, akazipandisha juu mpaka mwisho. Tumbawe likawaka! Likawaka kijani ambacho hajapata kukiona, picha zake zikasifiwa na chama kizima, naye akazidi kuvimba kichwa. Ila sasa ni wiki kadhaa halikui. Halitoi vile vidomo vyake vyenye vinyweleo, vya kunasia chakula. Asubuhi hiyo aliligusa kwa koleo, ngozi kidogo ikabanduka ikaelea majini. Ukikata kidole kwenye tumbawe gonjwa, kidole kinakufa na tumbawe mama linakufa nalo. Usipokata, utamwambia nini Ardis? Vern alikuwa hajalala.

— Nina swali, — akasema hatimaye. — Si langu. Kuna jamaa.

— Jamaa gani? — Kapteni.

— Jamaa tu. Nilikwenda kumtengenezea mtambo wake wa joto, nikaona ana tangi. Ana tumbawe la pembe. La... zambarau.

Alipolitaja hilo neno, masikio yakamchemka. Ardis akanywa funda la kahawa.

— Enhe, — akasema Ardis. — Zambarau. Lina nini?

— Halikui. Amebadilisha taa, sasa hajui kama mwanga unatosha au hautoshi.

Pale ndipo Lyle Bohannon alipojiweka sawa. Lyle ni tarishi wa posta, na jina lake la kijiweni ni Mita, kwa kuwa ndiye anayetunza kile kipima mwanga cha chama, kinachokwenda nyumba kwa nyumba kwa zamu. Anakibeba kwenye begi lenye sponji. Zamu ya Vern ingefika Mei.

— Hautoshi, — Mita akasema.

— Hata hujaliona!

— Sihitaji kuliona. Nimepima matangi ya mji huu, na wote ni wale wale. Watu wanaogopa mwanga. Tumbawe linatoka kwenye bahari ya kweli, jua la utosini, sasa wewe unaliwashia taa ya kusomea magazeti? Mwambie jamaa yako apandishe.

— Ameshapandisha.

— Mpaka wapi?

— Mpaka mwisho.

— Basi anunue nyingine aongeze.

— Wewe Mita ni mwehu, — Kapteni akasema kwa furaha. — Tatizo si wingi. Tatizo ni hizi LED zenyewe. Hazina joto, hazina roho. Mimi enzi zangu tulikuwa na zile taa zinazochemka, ukiziwasha paka anakimbia, mita ya umeme inalia, mke analia, lakini matumbawe? Yalikuwa yananenepa kama nguruwe! Mwambie jamaa arudi kwenye taa za zamani.

— Enzi zako ulichoma pazia, — Mita akamkumbusha.

— Pazia moja!

— Na zulia.

— Zulia liliungua kwa sababu ya pazia, usihesabu mara mbili.

Vern aliendelea kutembea, pipa la taka, mlango wa dobi, pipa la taka. Kila mmoja alikuwa anasema kwa uhakika wa kutisha, na hakuna lililomsaidia. Alitamani mtu amwambie neno moja tu la kushika.

— Lakini linang'aa, — akasema. — Rangi yake haijawahi kung'aa hivyo. Kama lingekuwa linaumwa, lingeng'aa?

— Umeona! — Mita akapiga paja. — Linang'aa. Kwa hiyo liko sawa, linadai mwanga zaidi ili likue.

— Hapana, hapana. Linang'aa kwa sababu linakosa mwezi, — Kapteni akasema.

— Linakosa nini?

— Mwezi, bwana. Mbalamwezi. Tumbawe bila mwezi halijui lini lipumzike. Linakesha. Na kitu kinachokesha kinakuwa na macho makali, unaona kinang'aa kumbe kimechoka.

— Sasa hapo, — Mita akasema, na Vern alijua kwa jinsi alivyoshusha sauti kwamba mambo yanaharibika, — hapo umegusa kitu. Jumapili iliyopita tumesogeza saa zetu mbele kwa saa moja, kama kila mwaka Machi, sivyo? Nchi nzima. Sisi wenyewe mpaka leo tunapiga miayo. Jamaa yako taa zake zinafuata saa ya ukutani?

— Nadhani.

— Basi! Tumbawe limeamshwa saa nzima kabla ya wakati wake. Hujaona watoto wa shule wiki hii? Muulize Ardis.

— Tatizo lake limeanza kabla ya Jumapili, — Vern akasema.

— Lilihisi linakuja.

— Lyle, kweli?

— Wanyama wanahisi.

— Mimi namjua mtu, — Kapteni akadakia, — hapa hapa jirani, Barberton, aliyesema matumbawe yake yametoka Fiji, upande wa pili wa dunia, na yana haki ya kuamka kwa saa za Fiji. Akawa anawasha taa usiku, anazima mchana. Mkewe akamwambia chagua, mimi au Fiji.

— Akachagua nini?

— Sasa anaishi juu ya gereji ya kaka yake. Lakini matumbawe, eh! Acha tu.

Mita alicheka mpaka akamwaga kahawa. Vern hakucheka. Alijiona mjinga aliyesimama katikati ya wehu, na mbaya zaidi, alianza kuwaza kama saa za Fiji zingeweza kusaidia.

Ardis akaliweka blanketi sawa.

— Huyo jamaa yako, — akasema, — tumbawe lake alipewa au alinunua?

— Alipewa, nadhani.

— Aliyempa anajua?

Vern akatazama lami. — Bado.

— Kwa nini bado?

— Labda anaogopa, mama.

— Anaogopa nini? Kwamba atapigwa? Watu wa siku hizi wananishangaza sana. Kitu cha mwenzako kinakufa mikononi mwako, wewe unatafuta maneno mazuri. Mimi ningekuwa huyo aliyempa, ningetaka kuambiwa siku ile ile. Hata kama ni saa ya kulala. Aje agonge mlango aseme, kinakufa, njoo.

— Na kama hana uhakika kwamba kinakufa?

— Ndiyo aje upesi zaidi.

Mita akajifanya anasafisha kioo cha kipima mwanga. Kapteni akainuka kuongeza kahawa, akarudi na birika, akamimina kilichobaki ndani yake, nacho hakikujaza hata kikombe cha Ardis.

Mlango wa dobi ukafunguka. Akatoka mwanamke mmoja amevaa suruali ya wauguzi na koti kubwa la mwanamume, kapu tupu kiunoni.

— Samahanini, mashine ya kukaushia imenilia sarafu, — akasema. — Nimeambiwa huku kuna kahawa.

— Kulikuwa na kahawa, — Kapteni akasema. — Taja samaki mmoja nikuchemshie nyingine.

— Kambare.

— Wa maji baridi, lakini sawa. Jina?

— Shavonne. — Akakaa pembeni ya Ardis kama anayemjua. — Nimewasikia kupitia mlango. Nani anakufa?

— Tumbawe, — Mita akasema. — La zambarau. Tunajadili mwanga.

— Ni mnyama au ni mmea?

— Ni mnyama, — Mita akajibu, — lakini ndani yake anaishi mwani mdogo mdogo, nao ndio unaopikia nyumba nzima kwa mwanga wa taa. Mwanga ukipungua, hakuna chakula. Mwanga ukizidi, mwani unahama.

— Ukihama inakuwaje?

— Tumbawe linabaki na njaa. Linapauka.

— Na hili limepauka?

— Hapana, — Vern akasema haraka. — Linang'aa sana. Ukilitazama chini ya zile taa, unafumba macho.

— Taa gani?

— Za bluu. Sote tunatumia za bluu. Ndizo zinazotoa rangi.

Shavonne akatazama dirisha la duka, ambalo kweli lilikuwa linawaka bluu kuanzia juu hadi chini, na ndani yake vitu vya kijani na vya chungwa vilikuwa vinameremeta kama peremende.

— Sawa, — akasema. — Na mkiwasha taa ya kawaida, lina rangi gani?

Kapteni akageuka kulitazama dirisha lake mwenyewe, akabaki ameshika birika tupu.

— Hatuwashi taa ya kawaida, — akasema.

— Kamwe?

— Ya nini? Hayapendezi.

— Nauliza tu, — Shavonne akasema, — kwa sababu pale kwenye ukumbi wa boling, mchezo wa kuangusha pini kwa mpira, Ijumaa wakizima taa na kuwasha zile za bluu, nguo inayong'aa kuliko zote ni nyeupe. Kila mara nasahau, naenda na sidiria nyeupe chini ya fulana nyeusi, naaibika.

Hakuna aliyecheka. Vern akaacha kutembea. Alikumbuka picha zake zote, sifa zote, kila mara alipovuta kochi karibu akakaa gizani kukitazama kile kijani kikiwaka. Tangu Krismasi hajaliona hata mara moja kwa mwanga wa mchana. Asubuhi anaondoka kabla hakujapambazuka, jioni akirudi anavuta pazia ili bluu ikolee.

Akatoa simu. Masikio yake yaliharibiwa na mitambo zamani, kwa hiyo simu zake zote huongea kwa sauti ya juu, kijiwe kizima kinasikia. Hata hakufikiria hilo.

— Vern? — Sauti ya mkewe, Doreen. — Usiniambie donati zimeisha.

— Sikiliza. Zima taa za tangi. Zote. Halafu fungua pazia.

— Wewe? Wewe unaniambia nifungue pazia?

— Doreen, tafadhali.

Ilisikika miguu ikitembea, kitufe kikibonyezwa, pete za pazia zikikwaruza chuma.

— Haya. Tayari.

— Niambie tumbawe lina rangi gani.

— Lipi? La Ardis?

Kidole gumba cha Vern kilikuwa juu ya kile kitufe chekundu. Angeweza kukata. Angesema mtandao umekatika, na wote pale wangejifanya wameamini, kwa maana watu wa kijiweni wana huruma za ajabu ajabu. Alimwona Ardis ameweka kikombe chini, mikono yote miwili juu ya blanketi.

— Ndiyo, — akasema. — La Ardis.

— Ni jeupe, Vern. Jeupe kama mkate. Nilikuambia tangu ile wiki mama alipokuwa hapa. Nilikuwa nafagia, jua limeingia, nikakupigia simu kazini nikakuambia lile dude limekuwa jeupe. Ukaniambia macho yangu hayajazoea bluu.

Vern alikumbuka vizuri. Alikuwa amecheka hata, siku ile, akawasimulia mafundi wenzake.

— Vern? Upo?

— Jeupe lote?

— Ngoja niiname. — Wakamsikia akiguna. — Juu lote jeupe. Chini huku nyuma, kwenye kivuli cha lile jiwe, kuna kidole kimoja si cheupe. Ni kahawia hivi, na kijani kidogo. Kimejaa vinyweleo vinachezacheza.

Ardis akanyoosha mkono. Vern akampa simu.

— Doreen, ni mimi Ardis.

— Ee Mungu wangu. Ardis. Kumbe uko hapo tangu mwanzo, mbona hukuniambia?

— Kahawia ya namna gani?

— Kama... kama chai uliyoitia maziwa kidogo.

— Na huko kweupe, unaona ngozi au unaona mfupa?

— Kuna ngozi. Nyembamba sana. Ila upande mmoja imebanduka.

— Basi halijafa lote. Taa ziache hivyo hivyo zimezimwa. Pazia liache.

— Na huyu akirudi akataka kuwasha?

— Hatataka.

Ardis akaishika simu mapajani bila kuikata. Alipomgeukia Vern, uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

— Zambarau, — akasema.

— Niliogopa, Ardis.

— Mimi tangu Januari nakaa mbele ya maji matupu. Unaelewa? Jioni nawasha pampu, navuta kiti, natazama maji matupu, najiambia si kitu, liko kwa Vern. Majirani wananiuliza natazama nini. Nasema liko kwa Vern. Na wewe unaniletea jamaa! Mtambo wa joto! Saa za Fiji!

— Saa za Fiji nilileta mimi, — Kapteni akasema taratibu.

— Nyamaza, Gino.

Kapteni akanyamaza. Vern alisimama mbele ya benchi, mikono imening'inia, machozi yamemjaa na hakuyafuta. Alitaka kusema kwamba alilipenda lile tumbawe, na ni kweli alilipenda, alilipenda kila jioni kwa saa nyingi; lakini hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yangekaa vibaya mdomoni sasa.

— Nitakukatia hicho kidole, — akasema. — Kesho. Au sasa hivi.

Ardis akainua simu tena.

— Doreen, bado upo?

— Nipo.

— Kesho baada ya kanisa uko nyumbani?

— Niko. Nitapika kitu.

— Usipike. Nakuja kwako wewe. Huyu atashika koleo tu. Wewe ndiye utakayeniambia pa kukata.

— Mimi? Ardis, mimi sijui chochote kuhusu hayo madude. Muulize Vern, muulize yule mwenye kipimo.

— Hao nimekaa nao asubuhi nzima, — Ardis akasema. — Wewe unaliona.